Shemeji Bizweki na Miche ya Enelesi

Shemeji yangu Bizweki alikuwa na mdomo usiopumzika. Siku ile niliyompelekea nsima, ugali wetu, shambani, alifunua sahani akaguna.

"Shemeji, nyama umeila njiani ukaniletea majani?"

"Nyama apewe nani? Wewe?"

Alikuwa amefyeka msitu wa kilima chetu, huku juu ya mji wa Nsanje, Malawi, hadi kikabaki kipande kimoja katikati ya mahindi yake. Humo waliishi vinyonga wadogo kama kidole gumba, wa rangi ya jani kavu, wasiovuka ardhi tupu hata uwafukuze. Alimwokota mmoja, akambana taya, akamtia ugoro mdomoni, kama tulivyozoea kuwafanyia vinyonga tangu utotoni.

"Babu yako alitumwa na Mungu atuletee habari ya uzima, akachelewa njiani, ndiyo maana tunakufa," alimwambia.

Kinyonga alitetemeka kiganjani mwake, akafa. Bizweki akacheka, akaingia msituni kuchukua shoka lake.

Hakutoka.

"Shemeji, nsima inapoa!"

"Nakuja."

Nikaingia, nikatokea upande wa pili. Hamkuwa na mtu. Nikamwita tena. Akaitika nyuma yangu, mle mle nilimotoka.

Dada yangu Enelesi, mkewe, alikuja mbio na majirani. Tukapekua kila kichaka. Tukakuta shati na suruali yake chini. Vifungo vimefungwa. Mkanda umefungwa.

Enelesi akazikumbatia nguo zile, akalia. "Mume wangu, toka twende nyumbani."

"Siwezi." Sauti ilitoka usawa wa goti. "Shamba limekuwa kubwa, sioni mwisho wake. Jua litaniua."

Kesho yake ilitoka usawa wa kifundo cha mguu.

Mimi nilitaka kuhama kijiji, sisemi uongo. Enelesi aling'oa mahindi, akapanda miche ya msituni mstari mmoja, kutoka kipande kile hadi mlangoni kwake, ili mumewe apate kivuli cha kupitia. Ndugu za mume walimwita kichaa. Njaa ikatuingia. Yeye akaendelea kumwagilia. Kila jioni aliinama kwenye matawi ya chini, akanong'ona, "Umefika wapi?" Na kila msimu alijibiwa kutoka karibu zaidi. Halafu sauti ikawa ndogo mno, hatukuisikia tena.

Mvua za mwaka huu, mche wa mwisho uligusa nyumba. Enelesi akakandika ukuta kwa udongo mbichi, akalala na mlango wazi.

Asubuhi aliniita kwa sauti ya chini. Karibu na ardhi, kwenye udongo ule, palikuwa na alama za viganja vya mtu, ndogo kama punje za mtama. Vidole vitano vitano. Alipiga magoti, akalia kwa furaha, akazifuata kwa kidole hadi kizingitini.

Hapo kidole chake kikasimama.

Kando ya alama zile zilikuwapo nyingine za viganja. Ndogo zaidi. Zilikwenda sambamba, zikaingia ndani.

"Kaka," alinong'ona, "amekuja na nani?"