Maji ya Magotini

Siku ile mjinga alikuwa Modest, na ukimkuta ametulia hata yeye mwenyewe hakatai. Mnada wa Katesh ulikuwa umefurika watu, mbuzi na moshi wa nyama, naye akaja na miwani myeusi na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, kama mtu aliyekuwa anakwenda harusini akakosea njia. Akasimama mbele ya meza ya sare za shule.

Mwenye meza alikuwa Fabiola, fundi cherehani, mtoto wa Mzee Bura wa Endasak. Alivaa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa alilolishona mwenyewe, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, pini mbili mdomoni. Akazitoa zile pini, akamuuliza mtoto wake yuko darasa la ngapi. Modest akasema hana mtoto. Basi anatafuta nini kwenye sare? Akanunua jozi mbili za soksi za darasa la kwanza.

"Unafanya kazi gani, kaka?"

Hapo ndipo ujinga ulipokaa kitako. Mtu huyu alikuwa rubani. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, kampuni binafsi za ndege ndogo zilikuwa zinaota na kunyauka kila msimu, na kijana wa Endagikot anayerusha ndege ya abiria kumi na wawili alikuwa habari ya kusimulia. Mwanamume mwingine angeshalitaja hilo kabla ya salamu. Yeye akaogopa kuonekana anaringa.

"Dereva."

"Wa gari la abiria?"

"La abiria."

"Linapita Mbulu?"

"Huwa linapita," akasema, na hakuwa amedanganya, ingawa lilipita kwa futi elfu kumi.

Fabiola akamtwisha furushi la sare thelathini zifike kesho yake kwa Sista Rogathe pale Mbulu. Modest akapokea. Akapanda lori la vitunguu saumu, akakaa juu ya magunia na furushi mapajani. Sista alimfahamu tangu akiwa mtoto wa kipaimara, akampigia Fabiola simu: mzigo umefika salama, ila rubani wako anahitaji kuoga.

Jioni simu ya Modest ikalia.

"Dereva."

"Naam."

"Gari lako lina mabawa mangapi?"

Yalianzia hapo. Miezi minane ikapita kwa vocha. Kila akishusha ndege alipiga kusema ametua, Fabiola akauliza ametua wapi, yeye akajibu kwamba bado, kwako sijatua, na Fabiola akamwambia aache maneno ya watu wa mjini, ale kwanza. Njia yake ikipita Katesh aliitikisa ndege kidogo, bawa hili, bawa lile. Fabiola alitoka nje ya duka lake la ushonaji na mkasi mkononi, na wateja wakatoka naye, maana jambo lile lilikuwa limeshakuwa la mji mzima. Hadiya, muuza vitambaa wa duka la jirani, alikuwa anamwita Mama Ndege mbele ya kila mtu. Wazee wa Modest walikuwa waende Endasak kuongea na Mzee Bura mvua zikipungua.

Mvua hazijapungua, Jumanne moja ya mwezi wa nne, Modest alitoka Arusha kwenda Singida na abiria wanane. Alipoukaribia Mlima Hanang injini ikakohoa, ikatulia, ikakohoa tena, ikazima. Chini kulikuwa na mashamba ya mahindi yenye watu wanaopalilia, na ng'ombe, na upande mmoja Ziwa Balangida limejaa na kung'aa. Rubani mgeni angeliogopa lile ziwa. Modest alilijua. Alipokuwa mdogo alikwenda pale na punda wa baba yake mkubwa kuchota chumvi, na alijua kwamba hata likijaa, mtu mzima anaweza kulivuka na suruali ameikunja. Akaishusha ndege kwa tumbo. Ikateleza juu ya maji, ikachimba tope, ikasimama. Watu wanane wakatoka na viatu mkononi. Mmoja alivunjika kifundo cha mkono, basi. Wafugaji wa Gendabi waliofika mbio wakakuta watu wamesimama ndani ya ziwa wanapeana pole.

Fabiola habari alizipata kwa mteja. Yule mteja alianza na kuanguka kwa ndege, akapumzika kidogo, ndipo akamalizia kwamba wote wako hai. Fabiola hajawahi kumsamehe kwa lile pumziko.

Sasa msikie watu. Wiki ile watoto wawili waliozaliwa walipewa jina la Rubani, mmoja wao wa kike. Modest alibebwa mabegani Katesh, akabebwa Mbulu, akapewa kondoo. Kijiwe cha kahawa kikagawanyika. Hawa wakasema ni shujaa. Wale wakasema maji ya magotini hata bata anatua. Wengine wakauliza nani aliyeizima hiyo injini kama si yeye. Kampuni ikamwambia akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe.

Siku ya nne redio moja ya Arusha ikamwita. Katesh duka la Fabiola lilijaa, na hakuna aliyekuja kupimwa nguo. Walikuja kusikia jina lake likitajwa. Hadiya alileta redio yake kubwa. Mtangazaji akamzungusha, akafika pale kila mtu alipokuwa anapangojea: injini imezima, kifo kiko mbele, katika dakika ile ulimfikiria nani?

"Hakuna," ikasema sauti ya Modest. "Sikumfikiria mtu."

 Kisha mtu wa karibu na mlango akacheka kidogo, akajifanya anakohoa. Fabiola aliendelea kukanyaga cherehani. Alishona mshono mrefu mpaka mwisho wa kitambaa, na Hadiya peke yake ndiye aliyeona kwamba sindano haikuwa na uzi.

Akampigia usiku huo. Namba haipatikani. Kesho yake, haipatikani. Alimsikiliza yule dada wa kwenye simu siku nyingi kiasi cha kuijua sauti yake kuliko ya mdogo wake Oliva. Watu wakapita dukani kumwuliza shemeji yetu hajambo, wengine kwa wema, wengine kwa kuchokonoa, naye akawajibu wote kwamba hajambo. Kisha wakaacha kuuliza, na hilo likawa baya zaidi. Alifunga duka mapema, akala amesimama. Ndege zilipopita hakutoka nje.

Modest hakuwa anaringa. Alikuwa amekaa kando. Siku moja baada ya redio, baba yake mkubwa, Mzee Tluway, alimfuata akampeleka Endagikot. Huyu ni mzee wa kanisa, husoma somo Jumapili kwa sauti ya kutikisa mabati, lakini kwa mambo ya maji hachezi. Mtu akikamatwa na maji yakamwachia, alisema, yamemwachia kwa deni, na shida yake humwendea kwanza yule anayempenda. Kwa hiyo atakaa kibandani pembeni ya boma siku tisini, kikombe chake, sahani yake, hampi mtu mkono, haingii nyumba ya mtu. Siku mzee alizifuta kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya parokia.

Mtu aliyesomea anga akakubali. Kwanza alijiambia ni heshima tu. Lakini alfajiri, ukungu umelala juu ya mahindi, aliisikia tena ile injini ikinyamaza, na hapo hakuwa na elimu ya kumsaidia. Akaizima simu akaitia ndani ya soksi. Wale wale waliombeba mabegani walimsalimia kutoka ng'ambo ya njia, wakaharakisha. Alishika tabia ya kuongea na yule kondoo wa zawadi, na kondoo naye akawa anaondoka katikati ya sentensi.

Mwezi wa sita mume wa Hadiya alipeleka bidhaa Mbulu, akarudi na habari. Hadiya akavuka kwenda duka la pili. "Hajakuacha," alimwambia Fabiola. "Wamemweka kando. Ana kikombe chake kama mgonjwa."

Alitegemea Fabiola afurahi. Fabiola alikunja uso, akafunga duka mchana kweupe, na asubuhi yake akapanda basi.

Alifika Endagikot saa nane, baridi ya Mbulu inauma masikio, amevaa sweta jeusi juu ya kile kitenge cha chungwa. Modest alikuwa ameketi nje ya kibanda, amekonda, ndevu zimeota ovyo, kikombe cha maziwa kwenye kigoda pembeni. Akasimama haraka akanyoosha kiganja kumzuia.

"Usisogee, Fabi. Ongea kutoka hapo."

"Naongea kutoka hapa. Wewe ndiye uliyeongea kutoka Arusha."

Akajieleza. Kama angemfikiria yeye, mkono ungetetemeka. Aliwafikiria wale wanane na upepo, hapakuwa na nafasi ya mwingine. Na alipoulizwa, akasema kweli, kwa sababu uongo wa siku ile ya kwanza ulimfundisha.

"Hilo nimeshakusamehe. Nilikusamehe kwenye basi, tulipopita Dongobesh. Nataka la baada ya redio. Simu ilikuwa wapi?"

"Ililowa."

"Maji ya magotini, Modest. Mfuko wako uko kwenye soksi?"

Akacheka. Mara ya kwanza kwa miezi miwili, kicheko kikatoka na kutu. Fabiola hakucheka naye.

Ndipo akasema la kweli: aliogopa. Aliogopa lile jambo la maji limfuate yeye, akaona akinyamaza kabisa halitaijua njia ya Katesh. "Nilikuwa nakulinda."

"Wale wanane walikuwa abiria. Abiria haulizwi, anafungwa mkanda." Sauti yake ilikuwa chini, na chini hivyo ilimtisha Modest kuliko injini. "Mimi sikukata tiketi kwako. Ungeniuliza."

Modest akatazama miguu yake. Safari hii hapakuwa na soksi za kununua. "Nakuuliza sasa," akasema. "Zimebaki siku ishirini na saba. Utanisubiri, au nisiwatume wazee Endasak?"

Fabiola akavuka mstari wa majivu uliopigwa mbele ya kibanda kumtenga na watu, akakiinua kile kikombe.

Mzee Tluway akatoka nyumbani kwake na kalamu nyekundu sikioni.

"Shikamoo, baba," Fabiola akasema, kikombe mkononi.

"Marahaba. Kiweke chini, binti. Ukinywa humo unahesabiwa naye. Hakuna wa kukuletea kitambaa, hakuna wa kukupa mkono, utakaa kando mpaka siku ziishe."

Fabiola akanywa, akapangusa mdomo kwa mkono wa sweta.

"Baba, nimekaa kando pale Katesh tangu mwezi wa nne, peke yangu, na hakuna mzee aliyekuja kunihesabia hata siku moja. Hizi zilizobaki nitakaa na mtu."