Lobi ya Nyuma

"Mbuzi iko wapi?"

Sauti ilitoka viti vya nyuma, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Lakini ukutani, ndani ya filamu, hakuna aliyecheka. Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, taa mkononi, akitazama uwanja mtupu.

"Josaphat! Tuletee mbuzi yetu!" mama mmoja akapaza sauti. "Noeli bila mbuzi ni matanga!"

Nadège alikuwa amekaa mstari wa mbele, kiti cha mchumba. Josaphat, aliyetengeneza filamu ile, alikuwa kando yake. Majina yao yalikuwa yameshasomwa kanisani Jumapili mbili. Keshokutwa yangesomwa mara ya tatu, na baada ya hapo ilibaki harusi tu.

"Mbona unatetemeka?" Nadège akamnong'oneza.

"Ni baridi."

Ilikuwa saa tisa ya mchana, jua kali juu ya mabati ya Bunia.

Filamu ya zamani kila mtu wa parokia yao aliijua kwa moyo. Vijana waliitengeneza miaka mingi nyuma kwa kamera ya kuazima, na kila tarehe ishirini na sita Desemba ilionyeshwa ukumbini. Baba, mchimba dhahabu, anatuma habari nyumbani kwamba atafika lobi. Lobi ni neno la Kilingala: ni kesho, na ni jana pia. Kwa hiyo mtoto wake anauliza, "Lobi ya mbele ao lobi ya nyuma?" na ukumbi unajibu kwa sauti moja, "Ya mbeleee!" Ndipo baba anatokea na mbuzi begani, na watu wanacheza mpaka vumbi linapanda.

Mwaka huu Josaphat alikuwa ameitengeneza upya. Kamera mpya, wachezaji wapya. Na mwisho mwingine.

Ukutani, jirani alitokea gizani.

"Unangoja nani?"

"Bwana yangu. Alisema lobi."

"Lobi ya nyuma, mama. Alikuja jana. Alipiga hodi hapa kwenu. Miye nilimwambia umeolewa. Akaenda."

Picha ikazimika. Hakuna aliyepiga makofi.

Nadège hakusogea. Alibaki akiutazama ukuta mtupu.

---

Nje ya ukumbi watu walikuwa wameshaanza vita ya maneno.

"Mumeharibu!" alisema Mama Elisabeth, mkubwa wa chama cha wamama. "Ile ya zamani ilikuwa inatufariji. Batu balikuwa banalia mwaka mzima, siku moja banacheka. Sasa hata hiyo moja mumetunyang'anya?"

"Mama, ya zamani ilikuwa uongo," Falone akamjibu. Falone alikuwa rafiki wa Nadège tangu shule, na mdomo wake haukuwa na mlango. "Ni baba gani anarudi na mbuzi siku hizi? Barabara gani hiyo? Hii mupya ndiyo maisha yetu."

"Maisha yetu tunayajua! Tunaenda kuangalia filamu juu ya nini? Kuangalia mulango wangu mwenyewe?"

"Na yule jirani? Mushenzi kabisa!" mwingine akadakia.

"Jirani wa vile anaitia nyumba kifo," Mama Elisabeth akasema, na safari hii hakupaza sauti. "Josaphat, mutoto yangu, hiyo kitu uliitoa wapi?"

Josaphat akasafisha miwani yake kwa shati. "Kichwani tu, Mama."

Akasema hivyo bila kumtazama mtu.

---

Nadège alirudi kwao, akaketi kitandani, akatoa simu ya zamani iliyopasuka kioo. Aliitunza kwa sababu ya ujumbe mmoja.

Noeli mbili nyuma alikuwa na mchumba mwingine. Aliitwa Mathieu, mtoto wa Mama Alphonsine wa parokia yao, naye alikuwa mchimba dhahabu huko Niania. Alikuwa ameahidi kufika Noeli ajitambulishe kwa wazazi. Tarehe ishirini na nne, ujumbe uliingia:

"Miye Bunia lobi, ku mlango kwenu. Mungu akulinde Nadège."

Siku ya Noeli Nadège alipika. Akangoja. Mathieu hakufika siku ile, wala siku yoyote. Mama Alphonsine alitafuta barabara yote ya Niania, aliuliza kila dereva, kila kituo cha afya. Hakuna mwili, hakuna habari. Kwa hiyo hakukuwa na matanga. Mpaka leo yule mama alikuwa akiweka sahani ya mtoto wake mezani kila jioni.

Na siku ile ujumbe ulipoingia, Nadège alikuwa ameuonyesha kwa mtu mmoja. Rafiki mkubwa wa Mathieu, aliyekuwa akiwapiga picha za Noeli uwanjani kwao wiki ile. Josaphat.

Josaphat aliusoma. Akausoma tena. Kisha akasema, "Lobi ni kesho. Mupikie."

Simu mpya ya Nadège ikalia. Falone.

"Uko mu Facebook? Ingia upesi. Kwenye ukurasa wa filamu."

"Falone, nimechoka na maneno ya watu."

"Haiko maneno ya watu. Ingia!"

Filamu ilikuwa imeshawekwa pale, na maoni yalikuwa mengi. *Fifi: Tunataka mbuzi!!!* *Vanessa: Nimelia, lakini aksanti, hii ni ukweli.* *Mutu akitaka huzuni abaki nyumbani.* *Ya zamani ni ya zamani, muwaache vijana.* Akashuka, akashuka, mpaka kwenye jina asilolijua:

*Dady: Hii habari haiko ya kutunga. Miye ni mutu wa pikipiki wa Mahagi. Noeli ya 2023 nilibeba mutu aliyefikiwa na hii kitu. Alikuwa anaitwa Mathieu. Mutu aliyetengeneza hii filamu, alijua aje?*

Chini yake Falone alikuwa ameomba namba, na Dady alikuwa ameiandika.

Nadège alibonyeza tarakimu taratibu, moja moja, kama mtu anayetembea kwenye ubao juu ya maji.

"Alo? Ni Dady?"

"Njo miye, ndiyo. Ni nani?"

"Naitwa Nadège."

Upande wa pili ikasikika pikipiki ikizimwa.

"Dada," Dady akasema polepole. "Ni weye ulikuwa umeolewa?"

"Sikuwa nimeolewa na mutu."

"Ee Mungu."

"Niambie yote. Usiache kitu."

"Alitoka Niania, akafika Bunia tarehe ishirini na tatu. Ndiyo alivyoniambia. Alipiga hodi kwenu, rafiki yake akatoka na kamera shingoni. Akamwambia umeolewa wiki mbili nyuma, uko na amani, usisumbuliwe. Alisema hata kwa mama yake hawezi kwenda na ile haya. Asubuhi yake alinikuta kituoni. Akasema, nipeleke Mahagi-Port, nataka kuvuka ziwa. Njia nzima alikuwa anasema weye tu, dada. Tulipofika akaniomba nisimame, akakuandikia ujumbe. Betri yake ilikuwa inakufa."

"Miye Bunia lobi," Nadège akasema.

"Njo. Alitaka ujue alifika. Hata kama umeolewa, ujue hakukudanganya."

Miye Bunia lobi. Nilikuwa Bunia jana. Miaka miwili alikuwa ameusoma kila usiku, na kila usiku aliusoma ukiangalia mbele. Hata ile *Mungu akulinde*, ambayo aliidhani ni mapenzi. Ilikuwa kwaheri.

"Alivuka?"

Akamsikia Dady akimwambia abiria angoje.

"Dady. Alivuka ziwa?"

"Boti lilizama, dada. Batu tisa. Nilirudi wiki iliyofuata na abiria mwengine, nikakuta wanawazika wa mwisho. Nilimutambua. Wakauliza, unamujua? Nikasema najua jina moja tu. Waliandika Mathieu ku musalaba. Sikujua mama yake ni nani, sikujua avenue wanayokaa, sikujua kitu."

Huko ndiko alikokuwa, huku mama yake akiwauliza madereva wa upande mwingine.

"Aksanti," Nadège akasema. "Aksanti kwa kumuzika."

---

Alimkuta Josaphat studioni, amefunga dirisha, kompyuta inawaka usoni mwake. Alikuwa ameshasoma maoni ya Dady. Alikuwa amejaribu kuyafuta, kisha akaacha. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe.

"Funga mulango, Nadège. Tuongee."

"Uache wazi."

"Sikiliza..."

"Ni weye jirani?"

Josaphat akavua miwani. Bila miwani alionekana mtoto.

"Ni miye."

"Alikuuliza niko wapi?"

"Ulikuwa kisimani nyuma. Nilikuwa nasikia unaimba. Yeye hakusikia, pikipiki zilikuwa zinapita. Nilisema uongo mmoja tu, Nadège. Mmoja."

"Na kesho yake nikakuonyesha ujumbe."

Josaphat akageukia kompyuta.

"Ulijua ni lobi gani, Josaphat?"

"Nilijua."

"Ukaniambia nipike."

"Nilidhani amekasirika tu! Nilidhani ameenda Uganda, atapata bibi, atasahau! Ningekuambia ungemufuata!"

"Njo. Ningemufuata siku ile ile. Ningemukuta bado ku boti."

Josaphat akashika meza.

"Boti gani?"

Hapo Nadège akatambua kwamba Josaphat hakujua. Dady hakuwa ameandika habari ya boti. Akamwambia yote, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya mwingine: ziwa, watu tisa, msalaba wenye jina moja. Josaphat akashuka kwenye kiti mpaka sakafuni.

"Uliketi kwetu siku ya Noeli," Nadège akaendelea. "Ulikula chakula chake. Ulienda na mama yake barabara ya Niania kumutafuta, siku tatu, ukimushika mkono. Ulijua haiko barabara yake."

"Kila siku nilitaka kusema. Mudomo ulikataa. Nikajisemea, filamu itasema. Watu wakiiona, weye utaelewa, na utaniuliza, na miye sitaweza tena kukana."

"Umeungama kwa watu mia mbili, ukanikalisha kiti cha mbele."

"Ninakupenda. Hiyo haiko uongo."

"Najua haiko uongo. Ndiyo inaniogopesha."

Alivua pete, lakini hakuiweka mezani. Aliishikilia kiganjani.

"Simama. Tunaenda kwa Mama Alphonsine."

"Nadège, hapana. Yule mama ananiita mutoto."

"Utasema kwa mudomo. Hakuna kamera."

---

Mama Alphonsine alikuwa akipanga sahani. Sahani mbili. Alipowaona alifurahi, akafuta viti kwa kitenge chake.

"Bibi na bwana harusi! Nasikia filamu yako imewagombanisha batu, Josaphat. Siye wazee tunapenda mbuzi, utusamehe."

"Mama," Josaphat akasema, na magoti yake yakagusa sakafu. "Mathieu alifika."

Mikono ya yule mama ikasimama hewani. Akatazama mlango.

"Hapana, Mama. Si leo. Alifika ile Noeli."

Akasema yote. Alikwama mara tatu katikati, na mara tatu Nadège akamwambia, "Endelea." Alipotaja ule uongo wa ndoa, Mama Alphonsine alifumba macho. Alipotaja boti, aliyafumbua.

Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Alipopiga hodi, alikuwa amekula?"

Josaphat akafungua kinywa. "Sikumuuliza, Mama."

"Alitoka Niania mpaka hapa. Siku mbili njiani. Hukumuuliza?"

"Hapana, Mama."

Mama Alphonsine akatikisa kichwa polepole, akachukua sahani ya pili, akaiinamisha kifudifudi mezani.

"Nenda," akasema. "Sikulaani, nina kazi. Nina matanga ya kufungua."

Mlangoni Nadège akampa Josaphat pete mkononi. Alipofika barabarani Josaphat akageuka mara moja. Uwanjani kule mwanamke mmoja alikuwa ameanza kulia kwa sauti, na majirani walikuwa wakitoka mmoja mmoja na viti vichwani.

---

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Habari ilikuwa imeshazunguka kata nzima. Wengine walikuja kusali, wengine kutazama. Watu walijua ni tangazo la tatu la Nadège na Josaphat.

Katekista Evariste akakunjua karatasi. Akasoma ndoa ya kwanza. Akasoma ya pili. Akaweka sawa miwani, kisha akageuza karatasi upande wa pili.

"Misa hii inaombwa na Mama Alphonsine kwa ajili ya mtoto wake Mathieu, aliyefariki ziwani, na kuzikwa Mahagi-Port."

Mtu akapumua kwa nguvu. Benchi la mwisho, Josaphat alikuwa ameinamisha kichwa, na pande zote mbili zake nafasi zilikuwa wazi, ijapokuwa kanisa halikuwa na pa kukaa.

Nadège alikuwa amesimama kando ya nguzo. Hakujua akae wapi. Hakuwa mke wa mtu, hakuwa mchumba wa mtu, hakuwa hata mfiwa; hakuna desturi iliyomtengea kiti.

Mama Alphonsine akageuka kutoka benchi la mbele, akamtafuta kwa macho mpaka akampata. Akavua kitambaa cheusi kichwani mwake. Akakiuma upindo kwa meno, akakipasua katikati, sauti ya kitambaa ikasikika mpaka altareni. Nusu akajifunga. Nusu nyingine akamnyooshea Nadège.

"Bibi ya mutoto yangu," akaita mbele ya watu wote, "kuja ukae hapa."