Dada na Breki ya Mwalimu

Wasomaji watukufu, simameni kama mnaweza. Mimi, kiranja wa nidhamu katika bweni la wasichana, shahidi wa mapenzi haya tangu dakika ya kwanza ya safari, nitasimulia kwa haki, bila kumpendelea mtu. (Ukiranja nilivuliwa wiki ya pili. Na ushahidi wote niliupata nikiwa kiti cha nyuma, nimekumbatia mfuko wa kutapikia.)

Gari lilisimama ghafla katikati ya kona. Paji langu likabusu kiti cha mbele.

— Nani huyo? Dada aliuliza.

— Nani nani? Mpenzi, umekanyaga breki!

— Nimekanyaga, ndiyo. Na nitakanyaga tena. Nani huyo?

Niwaeleze. Shemeji yangu mtarajiwa ni mwalimu wa udereva, na gari tulilopanda ndilo la kufundishia. Lina breki mbili: moja ya anayeendesha, nyingine ya mwalimu anayekaa pembeni yake. Siku hiyo shemeji alishika usukani, Dada akapewa kiti cha mwalimu. Kumpa mwanamke mwenye wivu breki yake mwenyewe, tena milimani, ni kosa ambalo hata mimi nisingelifanya.

Shemeji tunamwita Taratibu. Njia ya saa nne yeye aliipangia siku tatu, ili tuvuke milima polepole, tukisimama kila penye maporomoko na kila penye ng'ombe mwenye sura nzuri, mpaka kwa mama yake upande wa pili. Huko ndiko siku ya harusi ingepangwa.

Simu yake ilikuwa imebanwa kwenye dashibodi ikionyesha ramani. Juu ya ramani ulikuwa umeingia ujumbe kutoka namba isiyo na jina. Dada anapima watu macho hospitalini. Herufi ndogo hazimtishi. Akausoma kwa sauti:

"Mwalimu wangu, bado unakata kona kwa upole uleule. Nimekukumbuka."

— Simjui, Taratibu akasema.

— Yeye anazijua kona zako.

— Mpenzi, nimeshafundisha watu mia nne.

— Na wote mia nne wanakukumbuka?

Gari likaondoka. Chini yetu bonde lilikuwa limejaa ukungu mweupe, na vilele vilichomoza humo kama vichwa vya watu wanaooga. Taratibu akajaribu kuokoa jahazi.

— Tazama kule, mto unavyojikunja...

— Niutazame mto au niitazame simu?

Baridi ilizidi. Dada akatoa kilemba cha manjano kwenye mkoba, akakifunga kwa nguvu kama anayefunga kidonda cha adui. Dakika mbili hazikupita, simu ikalia tena:

"Huyo mwenye kilemba cha manjano ajue kwamba kiti alichokalia kilikuwa changu."

Breki. Paji langu, mara ya pili.

— Anatuona! Dada aligeuka nyuma.

Kweli, nyuma yetu kulikuwa na gari dogo jeupe, limetuganda kama kupe. Ndani yake mwanamke mmoja, miwani ya jua usoni, midomo imebanwa.

— Ndiyo maana unakwenda mwendo wa jongoo! Unamsubiri asipotee!

— Mimi naendesha hivi siku zote!

— Simamisha gari.

— Umeshalisimamisha wewe.

Mbele kidogo palikuwa na uwanja wa kuegesha, watu husimama hapo kutazama bonde. Taratibu akaingia. Gari jeupe nalo likaingia. Hapo hata mimi nilishtuka, na nilikuwa na sababu zangu za kutoshtuka.

Dada alishuka, akaligonga dirisha kwa heshima iliyotisha.

— Habari za safari, dada yangu. Unamtaka huyu mwanamume?

— Namtaka anipishe! yule akalipuka. Nusu saa nzima yuko mbele yangu, na kila kona anasimama! Nimeingia hapa nimweleze ukweli. Aliyemfundisha huyu kuendesha ni nani?

Nilimwona Taratibu akifumba macho. Katika matusi yote ya siku ile, hilo ndilo lililomwingia.

Mtu mwingine angecheka. Dada akauliza:

— Unashuka mjini? Nina begi moja tu.

— Panda, twende.

Dada akarudi, akavua pete ya uchumba, akaiweka juu ya boneti.

— Mpenzi, mama anatusubiri, Taratibu akasema. Ameshawaita ndugu zake wote.

— Basi mpelekee mwenye kiti.

Akalitoa begi. Alikuwa ameshapiga hatua nne nilipomsikia Taratibu akijisemea polepole, kama anayesahihisha mtihani.

— Kiti... Hebu subiri. Mwanafunzi wangu hajawahi kukaa kiti kile. Mwanafunzi hukaa kwenye usukani. Kiti ulichokalia ni cha mwalimu, ni changu mimi!

Dada akasimama.

— Unataka kusema nini?

— Aliyeandika hajafundishwa na mimi hata siku moja. Na kilemba umekivaa njiani, sasa hivi. Huyu dada wa watu hata namba yangu hana. Nani mwingine amekiona?

Wakageuka wote, pamoja na mwenye miwani, wakalitazama dirisha langu. Nikauinua mfuko wa kutapikia mpaka usawa wa macho.

— Wewe, Dada akasema. Shuka.

— Dada, tumbo...

— Shuka nalo.

Nikashuka.

— Ni mimi, nikasema, nikaitoa simu niliyoificha nyuma ya mfuko.

— Yaani hili ndilo lililonichelewesha? akauliza mwenye miwani. Akaondoka kwa kasi ya mfungwa aliyeachiwa.

— Kwa nini? Dada hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nilikuwa na utetezi wa hoja tatu, uliokwisha kujaribiwa kwa walimu wakuu wawili. Ulipotea wote.

— Tangu wazazi wafariki, siku za kutembelewa shuleni unakuja wewe tu. Wenzangu wanajiwa na mama, baba, na mashangazi. Mimi nina wewe, na unatosha. Ukiolewa atakuja nani? Tangu aje huyu, kila safari mimi ni wa kiti cha nyuma.

Taratibu alichuchumaa mbele yangu, magoti yakalia.

— Tutakuja wawili, shemeji.

— Kwa mwendo wako? Mtafika shule imeshafungwa.

Dada alijizuia. Alijizuia sana. Kicheko kikamtokea puani. Kisha akaichukua pete kwenye boneti, akamkabidhi Taratibu, akanyoosha kidole.

— Nisamehe, baba. Nimekuvunjia heshima mbele ya watu. Nivishe.

— Nakuvisha. Ila kuanzia hapa unakaa nyuma, mbali na breki. Mwenye tumbo atakaa mbele.

Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango wa mbele, kwa madaha yote, Dada aliponyoosha mkono.

— Lete hiyo laini ya simu.

Nikaitoa.

— Na nyingine.

— Nyingine ipi, Dada?

Alinitazama tu, kama anavyowatazama wagonjwa wanaobahatisha herufi. Nikainama, nikavua kiatu.

— Hii bado sijaitumia, nikakiri. Ilikuwa ya siku ya harusi.