Nyota Iliyopita Pembeni

Lifti ya jengo la maduka ilikwama saa ya watu kutoka kazini, imejaa pomoni. Fundi lifti alipoufungua mlango kwa nguvu, wa kwanza mbele yake alikuwa fundi miwani, gauni la kijani, boksi la lenzi kifuani.

"Pole, dada. Nipe mkono."

"Nikupe mkono uniharibie gauni kwa grisi?"

"Basi lala humo."

Alicheka, akatoa mkono. Gauni liliharibika, na mapenzi yakaanzia hapo.

Fundi lifti alikuwa na wazimu mmoja. Mwezi ukitembea angani huzifunika nyota, na yeye na wenzake hupanda juu ya mapaa na darubini, kila mmoja abonyeze saa nyota inapotoweka. Mpenzi wake akaazimwa darubini na kufundishwa: nyota huzimika ghafla, kama taa.

Jioni moja kila mmoja wa wapenzi hao alikuwa juu ya paa la kwao, mitaa miwili jirani. Fundi lifti akapiga simu.

"Umebonyeza, mpenzi?"

"Haikuzimika. Imepita pembeni mwa Mwezi, ikaenda zake."

"Huku imezimika kabisa! Hivi kweli uko juu? Au uko na mtu?"

Simu ikakatwa.

Fundi miwani alikingoja kilio, hakikuja. Alisaga lenzi, akala, akalala. Dada yake alimuuliza anaumia wapi.

"Siumii popote," alijibu, na kweli hakusikia chochote.

Siku chache baadaye mwalimu wa fizikia, anayekusanya vipimo vya kundi, alimpigia fundi lifti.

"Mpaka wa kivuli cha Mwezi umepita katikati ya mitaa yenu. Kwako nyota imefichwa, kwa mwenzako imepita. Mmesema kweli wote wawili."

Fundi lifti aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akakimbilia dukani.

"Nisamehe, mpenzi. Ulisema kweli."

"Umeambiwa na mwalimu," alisema fundi miwani, akifuta lenzi. "Mimi nilipokwambia, hukuniamini. Natamani hata nikukasirikie, nashindwa. Moyo umekufa ganzi."

"Njoo juu ya paa mara moja tu. Ukiona moyo bado una ganzi, nitakuacha."

Alikwenda, kwa kuwa kwenda na kutokwenda kwake vilikuwa sawa. Juu ya paa palikuwa na darubini moja. Fundi lifti akamwachia, yeye akaupa Mwezi mgongo, simu sikioni.

"Sasa!" alisema fundi miwani. Kisha akasita. "Imefifia kwanza, ndipo ikazimika."

Alingoja kubishiwa.

"Mwalimu, andika," alisema fundi lifti. "Imefifia kwanza, ndipo ikazimika."

Sauti ya mwalimu ilisikika mpaka nje ya simu: "Haiwezekani! Umeona wewe?"

"Ameona yeye. Andika."

Akakata simu. Fundi miwani aliinua uso kutoka kwenye darubini, umelowa.

"Unalia nini, mpenzi?"

"Usiniulize," alisema, akimshika mkono kwa nguvu. "Niache nilie kwanza."