Bi Mkubwa wa Mwalimu

Jumamosi ile jengo la simu lilikuwa limefurika watu mpaka kwenye ngazi. Spika za maduka mawili jirani zilikuwa zinashindana kwa kelele, feni inazungusha joto lile lile, na Fundi, binti pekee mwenye kaunta ya kutengeneza simu ghorofa ile nzima, alikuwa ameinama na kibano mkononi, lenzi jichoni, mikono ya koti lake la bluu imekunjwa hadi kwenye viwiko. Siku hiyo alikuwa hataki kusemeshwa. Ndipo mwanaume mmoja akapenya katikati ya watu, shati jeupe limenyooka, tai imelegea, viatu vinang'aa, akaweka simu iliyopasuka kioo juu ya kaunta.

"Dada, naomba ilie kabla ya jioni."

"Ilie au ionyeshe?"

"Kuonyesha si lazima. Ilie tu."

Fundi akainua uso. Wateja humlilia picha zao, namba zao, ujumbe wa wapenzi wao. Huyu anataka mlio.

"Kwani wewe huoni?"

"Naona. Mimi ni mwalimu wa udereva."

"Ndiyo maana ajali haziishi mjini."

Akacheka, na kicheko chake kikawafanya watu wawili kwenye foleni wacheke bila kujua wanacheka nini. Alikuwa na macho yaliyovimba kidogo chini, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, na Fundi, ambaye hakuwa na desturi ya kutazama macho ya wateja, akajikuta ameyatazama mara mbili. Kioo kipya kilipokaa, simu ikalia papo hapo kwenye kaunta. Mwalimu akainyakua, akanunua chupa ya maji na mkate, akajibanza nyuma ya nguzo. Aliporudi alikuwa ametulia, akanunua kava asilolihitaji, kisha akaomba namba ya fundi, eti kwa ajili ya matengenezo.

Matengenezo gani? Kesho yake akapiga.

"Fundi, simu inasumbua."

"Inasumbuaje?"

"Haipokei sauti yako mpaka nipige mimi."

Basi ndivyo yalivyoanza. Akamfundisha kuendesha gari jioni jioni, kwenye uwanja wa shule yao ya udereva wenye koni za plastiki zilizogongwa hadi zikakata tamaa.

"Klachi haing'olewi, malkia wangu, inaachiwa taratibu."

"Na wewe niachie mkono."

"Nimeshika gia."

"Gia iko huku, Mwalimu. Huo ni mkono wangu."

Alimwita Fundi hata mbele ya mama yake Fundi, na yeye akamwita Mwalimu, na hakuna aliyeona haja ya jina lingine. Mama akampenda kijana yule, akaanza kuuliza wajomba waambiwe lini. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichomkosesha Fundi raha. Kila jioni simu ya Mwalimu ilipolia, mwenyewe aliinuka popote alipokuwa, hata katikati ya sentensi, akaenda zake pembeni. "Nina shughuli kidogo, narudi," ndiyo ilikuwa kauli yake. Sasa Fundi ni mtu ambaye kazi yake ni kufungua vitu vilivyofungwa ili ajue vina nini. Kumwekea kitu kama hicho mbele yake ni kumtesa.

Siku moja Mwalimu akamwachia simu, tundu la chaji limejaa vumbi. Fundi ana mwiko wake: hasomi simu ya mteja, hata akiwa mteja anayempenda. Lakini chaji ilipoingia tu, kioo kikawaka, ujumbe ukajianika wenyewe. Umetoka kwa mtu aliyeandikwa Bomba.

"Bi Mkubwa kaingia leo asubuhi. Wahi ukamchukue, na usinifanyie mambo ya mwaka jana ulipomkimbia. Ulitutia presha sote."

Fundi akausoma, akaizima simu, akaiwasha, akausoma tena. Ana mke. Ana mke, tena wa kwanza, na mimi nimekaa na mama tunapanga wajomba.

Jioni Mwalimu akaja, tai safi, mfuko wa matunda mkononi.

"Bi Mkubwa ni nani?"

Mkono wenye matunda ukasimama hewani. "Umesoma simu yangu?"

"Imejisoma. Bi Mkubwa ni nani, Mwalimu?"

Fundi alimwona anafungua mdomo. Alimwona kabisa anataka kusema kitu. Kisha akaufunga, akaweka matunda chini, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Unamjua kwa jina tu?"

"Unaishi naye?"

"Naishi naye."

"Tangu lini?"

"Kabla yako."

"Unampenda?"

"Simpendi. Lakini siwezi kumwacha."

"Msalimie," Fundi akasema, akasukuma simu ikateleza juu ya kaunta hadi kifuani kwake. "Mwambie na mimi nilikuwepo."

Mwalimu akaichukua, akaondoka bila kujitetea hata kidogo, na hicho ndicho kilichomuumiza Fundi kuliko yote. Mwongo gani asiyetafuta hata uongo wa pili?

Baada ya hapo hakukalika. Aliunguza ubao wa simu ya mteja akalazimika kuulipa. Alimpa mzee mmoja simu ya mwanafunzi. Nyumbani aliosha vyombo vilivyokuwa safi, akafungua redio, akaizima, akatoka nje, akarudi ndani. "Mwanangu, kaa chini," mama akasema, "unanizungusha hata mimi niliyekaa." Akakaa. Akainuka. Simu yake ikilia roho inaruka, akitazama si yeye, roho inashuka. Alimchukia Mwalimu na alimtaka, na vyote viwili vilikuwa vinamla kwa pamoja.

Hali ilikuwa hiyo hadi mzee mmoja mnene mwenye ovaroli, spana imechomoza mfukoni, akasimama mbele ya kaunta akihema kwa kupanda ngazi.

"Wewe ndiye Fundi? Mimi ni fundi bomba, rafiki yake Mwalimu. Naomba uniambie ukweli, binti yangu, yuko wapi? Hajaja kumchukua Bi Mkubwa mpaka leo."

Damu ikampanda. "Mzee, na wewe huoni haya? Kamchukue mwenyewe huyo mwanamke wenu."

Mzee akamtazama. Akatazama huku na huku. Kisha tumbo likaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika kaunta. Alipomaliza akaingiza mkono mfukoni, akatoa kiboksi, akakiweka juu ya kioo.

"Huyu hapa. Huyu ni wangu. Wa kwake bado yuko kliniki."

Kilikuwa kiboksi cha vidonge.

"Sisi wa kliniki ya damu tunamwita hivyo," Bomba akasema, sasa kwa upole. "Ana wivu, na hutuvimbisha macho. Lazima uwahi kwake kila siku, saa ile ile, na chakula na maji ya kutosha. Ukilala nje, anajua. Tuna saratani ya damu, binti yangu. Sisi ni wa ile ya polepole. Wenzetu wa ile ya haraka, na watoto wengi ni hiyo, hulazwa miezi wakiwekewa dripu, wengine hutafutiwa uboho wa ndugu zao. Sisi tunameza kidonge. Zamani ukiambiwa unayo, watu wanaanza kuulizana utazikwa wapi. Mimi niliuza hadi spana zangu. Leo nimenunua nyingine."

Fundi alikuwa ameshika kiboksi, hakisomi, amekishika tu. Mlio. Nguzo. Maji na mkate. Macho yaliyovimba.

"Kwa nini hajaja kukichukua?"

"Kipimo cha mwisho, ugonjwa ulikuwa umepanda. Huenda ni kwa sababu mwaka jana aliacha kumeza, dawa zilipokosekana akakata tamaa. Huenda kidonge chenyewe kimeanza kumshindwa. Kujua, lazima damu ipimwe upya. Mashine tunayo hapa, vifaa vyake vimekwisha, kwa hiyo damu yake imepelekwa nchi za nje. Damu imepanda ndege, mwenyewe hajawahi. Kipo kidonge kingine cha nguvu zaidi, ila kwetu hakijafika. Daktari anakihangaikia. Wakati anasubiri anatakiwa ameze hiki hiki, asiache. Yeye anaona ya nini."

"Na akiacha?"

Bomba hakucheka. "Wa polepole unageuka wa haraka."

Fundi akafunga kaunta mchana kweupe, wateja wanamlalamikia hadi kwenye ngazi.

Alimkuta Mwalimu uwanjani, amekonda, tai imekazwa mno shingoni, amekaa kiti cha abiria cha gari la mafunzo, mwanafunzi ndiyo kwanza anateremka. Fundi akaingia kiti cha dereva, akafunga mlango.

"Funga mkanda."

"Fundi..."

"Funga mkanda, tunakwenda kliniki."

Gari likazima. Akaliwasha, likaruka kama limechomwa sindano, likaingia barabarani na kibao chake cha mwanafunzi juu. Honi zikaanza nyuma yao.

"Taa ya kulia. Kulia, Fundi. Nani kakwambia?"

"Bomba. Ulikubali nikuone mhuni. Kwa nini?"

"Kioo cha pembeni, tazama kioo. Mhuni anasahaulika haraka. Mgonjwa anauguzwa."

"Nani kakuomba unichagulie?"

"Nilikuwa na mchumba. Nilipomwambia, ukoo wake ukakaa kikao kizima, eti damu mbaya itaingia kwa watoto. Daktari aliwaambia hairithiwi namna hiyo, hawakusikia. Breki. Breki, mpenzi, kuna watu wanavuka."

Akakanyaga breki, wote wakaenda mbele. Neno mpenzi limemtoka bila kupenda, na wote wawili wamelisikia. Watu walivuka, taratibu, na mtoto mmoja akawapungia.

"Ningekuambia siku ile," Mwalimu akasema. "Nilikuwa nimetoka kuambiwa ugonjwa umepanda. Nikaona heri unichukie ukiwa mzima kuliko unipende ukiwa unanizika."

"Nakuchukia," Fundi akasema, machozi yanamtiririka. "Nakuchukia sana, na sioni barabara."

"Egesha pembeni nikushike."

"Siegeshi. Nikiegesha utateremka. Nifundishe hivi hivi."

"Basi gia ya pili," akasema. "Achia klachi taratibu."

Kliniki ilikuwa imejaa. Mama mmoja alikuwa anambembeleza mtoto asiye na nywele, vijana wawili wanasinzia na mirija mkononi, na dirishani nesi mwenye miwani alimtazama Mwalimu juu hadi chini.

"Umekumbuka njia. Dozi umeacha siku ngapi?"

Akamwambia. Nesi hakumgombeza, na hilo likamtisha Fundi zaidi. "Majibu ya kipimo?" Mwalimu akauliza.

"Bado hayajaja. Dawa mpya pia bado. Utatolewa damu nyingine leo, na hiki utaanza leo leo, mbele yangu." Akasukuma kiboksi, akavuta faili. "Na daktari amesema hakuoni tena peke yako. Anataka mtu wa kukusimamia. Huyu ni nani yako?"

"Mwanafunzi wangu," Mwalimu akasema.

"Mchumba wake," Fundi akasema.

Nesi akawatazama mmoja baada ya mwingine, kalamu juu ya karatasi. Foleni nzima ilikuwa imetega masikio. Mwalimu alikuwa ameinamia kiboksi, anakigeuza geuza, na Fundi akashika ukingo wa dirisha, kwa kuwa sasa alikuwa amejisema mbele ya watu, na mwanaume huyu alikuwa na kila nafasi ya kumkana kwa wema ule ule wake wa kijinga.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. "Nesi anasubiri."

Mwalimu akafungua kiboksi. Akatoa kidonge, akaomba maji na kipande cha mkate kwa yule mama mwenye mtoto, akala, akameza, akanywa maji hadi mwisho. Kisha akamgeukia nesi.

"Usiandike mchumba," akasema. "Andika mke. Mchumba itakuwa imepitwa na wakati kabla sijamaliza boksi hili."