Kitabu cha Wageni Kisicho na Askari

Ambaro aliuza vitambaa katika soko la Jericho, Nairobi. Asubuhi alitandaza turubai, akapanga leso na madira, kisha akakaa kwenye kigoda kungoja wateja. Jioni alifunga mzigo wake na kurudi mtaani Mowlem. Huko alipanga nyumba mlango kwa mlango na Wanza, mama wa Kikamba aliyekuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja mjini.

Ambaro alizaliwa Garissa, yeye na mdogo wake Filsan. Filsan aliolewa Kismayu, Somalia. Vita vilipozuka huko mwaka wa 1991, habari zake zilikatika. Sasa ilikuwa 1999. Watu walikuwa wamechoka kumuuliza Ambaro, naye alikuwa amechoka kujibu. Lakini kila alipoona mwanamke mrefu mwenye mwendo wa haraka, alisimama akamtazama mpaka apite.

Wawili hao waliitana kwa majina ya watoto wao. Siku moja Wanza alirudi kutoka kazini na habari.

"Mama Hirad, kuna ukurasa kwenye intaneti. Ni wa Wasomali walio ng'ambo. Watu waliopoteana wanatafutana humo."

"Intaneti ni ya wasomi, Mama Mulwa."

"Na mimi je? Vidole hivi vinapiga chapa tangu sijaolewa. Jumamosi twende."

Jumamosi walikwenda Buruburu, kwenye duka la kompyuta ambalo vijana waliliita saiba. Ukurasa ulifunguka polepole, kama mtu anayevuta pazia zito. Juu kabisa palikuwa na nafasi mbili za kujaza. Wanza alizisoma.

"Wanataka anwani ya barua pepe. Halafu wanataka neno la siri."

"Nitalijuaje neno lao la siri, na mimi hata hawanijui?"

Wanza alicheka. Alishuka na ukurasa hadi chini. Huko palikuwa na maneno ya Kiingereza, naye akayasema kwa Kiswahili: "Kitabu cha wageni. Andika bila kujiandikisha."

"Afadhali," Ambaro alisema. "Hicho nakijua."

Na kweli alikijua. Ofisi kubwa za mjini zote zina kitabu kama hicho getini. Askari anakusukumia, unaandika jina, namba ya kitambulisho, unakotoka na unayekwenda kumwona. Usipojaza vizuri, huingii. Basi Ambaro akatoa kitambulisho chake na kuanza kusoma. Alitaja namba yote. Alitaja nyumba anayokaa Mowlem. Alitaja simu ya duka la Qorane, kando ya soko, ambako alikuwa akipokea simu zake.

"Ninayekuja kumwona," alimalizia, "Filsan, mdogo wangu."

Hata ofisini kwa Wanza kitabu kama hicho kilikuwapo. Wanza akapiga chapa yote bila kuuliza.

Baada ya siku chache Qorane alimwita Ambaro dukani. "Simu yako. Ni mwanamume."

Sauti ilikuwa ya upole. "Shemeji Ambaro? Mimi ni ndugu wa mume wa Filsan. Filsan yuko hai."

Ambaro alikaa juu ya gunia la sukari.

"Anataka umfuate aliko," sauti iliendelea. "Mimi nitakutengenezea karatasi; namba ya kitambulisho chako ninayo. Niletee kitambulisho chenyewe, si nakala. Kesho saa nne, mbele ya posta. Na usimwambie mtu. Watu wana husuda."

Ambaro alijaribu kunyamaza. Alishindwa hata kabla ya jua kutua. Alimweleza Wanza, huku analia na kucheka.

Wanza alikunja uso. "Mbona hataki sisi tujue?"

"Wewe umezoea kushuku watu. Huyu ametaja mpaka namba ya kitambulisho changu! Angeijua vipi kama si mtu wetu?"

Wanza alitazama vidole vyake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama Hirad, namba hiyo niliipiga chapa mimi."

Asubuhi hawakwenda posta. Wanza aliomba ruhusa kazini, wakarudi saiba. Msimamizi wa saiba alikuwa Kageha, msichana mwenye maneno mengi aliyewaita akina mama "mathe". Aliwafungulia ule ukurasa, akausoma, akashika kichwa.

"Mathe! Mmeandika kila kitu, bado rangi ya pazia tu!"

"Si ni kitabu cha wageni?" Ambaro aliuliza.

"Ni cha wageni, lakini si cha getini. Kile cha getini kinasomwa na askari na mkubwa wake. Hiki kinasomwa na dunia nzima, na hakina askari."

"Basi ni kibaya."

"Si kibaya, mama. Kingekuuliza neno la siri, ungerudi nyumbani bila kuandika. Mtu yeyote anaweza kuandika, na ndiyo faida yake. Lakini kama wewe hukuulizwa u nani, huyo wa simu naye hakuulizwa."

Ambaro aliyatafakari maneno hayo. "Sasa nitamjuaje wa kweli?"

"Kuna jambo Filsan analijua, na halijaandikwa popote?"

"Jina la utani. Kwetu kila mtu analo, hata shehe."

"Usinitajie! Hata mimi nisilijue. Muulize huyo mtu."

Mchana yule mtu alipiga simu dukani kwa hasira. Ambaro alikuwa amekaa akimngoja.

"Mama yetu alimwitaje Filsan?" aliuliza.

"Wewe mwanamke, unataka kusaidiwa au unataka mchezo?"

"Nataka jina."

"Filsan ni Filsan!"

"Huyo si wangu," Ambaro alisema, akaweka simu chini. Kisha akaanza kujiuliza. Je, kama alikuwa amemfukuza mtu pekee aliyejua Filsan alipo?

Kageha aliwaandikia wenye ukurasa, kwa anwani iliyokuwa chini kabisa, na ujumbe wa kwanza ukafutwa. Wanza akaandika mwingine:

"Jina: Ambaro. Kutoka: Nairobi. Namtafuta mdogo wangu Filsan, tuliyekua naye Garissa, akaolewa Kismayu. Filsan, nijibu hapa hapa. Niambie mama alikuitaje."

Penye barua pepe hawakujaza kitu.

"Itakubali?" Ambaro aliuliza.

"Penye alama ya nyota ndipo lazima," Kageha alisema. "Hapa hapana nyota."

Ilikubali.

Wakaanza kupita saiba kila Jumamosi. Wageni waliandika chini ya ujumbe wao. Mmoja aliwaombea dua. Wawili walidai kumjua Filsan, lakini jina hawakulipata. Kule sokoni wenzake waliopoteana na jamaa zao walianza kumjia Ambaro. Aliwaambia wote, "Andikeni, hakuna kuulizwa neno la siri. Lakini kitambulisho kikae mkobani, na nyumba yako usiitaje."

Mvua za masika zilipokwisha, Wanza alifungua ukurasa na kushtuka. Alisoma kwa sauti:

"Mimi ni Filsan. Niko Uswidi na watoto. Mama aliniita Shaah, yaani chai, kwa sababu niliililia kabla ya uji. Na wewe Ambaro usijifanye umesahau nani alimwaga birika, nikapigwa mimi."

"Soma tena hapo mwisho," Ambaro alisema.

Wanza alisoma tena.

"Ni yeye. Miaka yote hiyo, na neno la kwanza ni kunigombeza!" Alifunika uso kwa ushungi wake, mabega yakitikisika.

Kageha alisogea karibu. "Mama, sasa jina hilo limeonwa na watu. Halifai tena kuulizia. Tutakufungulia barua pepe, muongee ya nyumbani ninyi wawili."

"Tutafungua," Ambaro alisema. "Lakini ajue leo kwamba nimemwona. Mama Mulwa, nipishe."

"Utaweza?"

"Nipishe tu."

Alikaa mbele ya kompyuta, akatafuta herufi kwa kidole kimoja. Alikosea, Kageha akamwonyesha jinsi ya kufuta. Akatafuta tena. Ilichukua muda, na mteja aliyekuwa akingoja akaguna. Mwishowe Wanza aliinama kusoma alichoandika dada mkubwa:

"Umekula?"

"Hilo tu?" Wanza aliuliza.

"Hilo kwanza," Ambaro alisema.