Wimbo Uliopandishwa

Ndugu zangu, haya yalitokea katika kikundi chetu cha maigizo, na mimi mpiga ngoma nilikuwepo mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo nisikilizeni, lakini msidhani najisafisha.

Asubuhi za mazoezi zilikuwa tamu. Mpiga gitaa wetu, tuliyemwita Vidole, alikaa jukwaani akikaza nyuzi. Mkewe, fundi wa kushona, alikaa karibu na dirisha na cherehani yake, akitutengenezea mavazi huku akiimba chinichini. Binti yao aliruka kamba uani. Vidole alikuwa akimtania mkewe, "Mama, punguza, utaninyang'anya kazi." Wote tulicheka.

Igizo letu lilihusu mume anayemzuia mkewe kufanya kazi. Kila baada ya onyesho tulikaa na watazamaji tukazungumza, na Vidole ndiye aliyeongoza mazungumzo. Alijua kusema. Akiwaeleza wanaume ubaya wa kuwabana wake zao, kina mama walifuta machozi.

Kisha mwimbaji wetu akahama mji. Kiongozi wa kikundi akamgeukia fundi. "Wewe si unazijua nyimbo zote?"

Alizijua. Siku aliyoimba, ukumbi ulitulia hata kikohozi hakikusikika. Onyesho lilipokwisha, watu walimpita Vidole wakaenda kumpa mkewe mkono. Mmoja alirudi akamuuliza, "Samahani kaka, wewe ndiye mume wa yule mwimbaji?"

Miaka kumi na miwili yule mama alikuwa ameitwa mke wa Vidole, wala haikumkera. Vidole swali moja tu lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nyumbani yakaanza.

"Leo umechelewa kuingia ubeti wa pili."

"Kweli? Nitarekebisha."

"Na yule mtayarishaji wa muziki, mbona alikushika mkono muda wote ule?"

"Alinisalimia tu, baba."

"Salamu gani ina urefu wa wimbo mzima?"

Mkewe akacheka, akidhani ni mzaha. Akamweleza kwamba mtayarishaji anataka kumrekodi Jumatatu. "Amesema na wewe ukipenda, uje upige."

"Nikipenda," alisema Vidole. Neno hilo alilitafuna siku nzima.

Jumamosi tulikuwa na onyesho la mchana. Fundi alikuwa na mafua, na mumewe alijua, maana ndiye aliyemchemshia maji ya kunywa. Kabla wimbo haujaanza, nilimwona Vidole akiweka kibanio cha kupandisha sauti kwenye shingo ya gitaa, akakisogeza mbali. Alipopiga, wimbo ulikuwa juu mno kuliko tulivyozoea. Nilimtazama. Akaangalia sakafu. Nikajiambia, haya ni ya mke na mume, nikaendelea kupiga ngoma.

Fundi angeweza kunyamaza. Lakini alidhani ni mafua yanayomlemea, na hakutaka kumwaibisha mumewe kwa kukatiza wimbo mbele ya watu, akapanda naye. Mishipa ya shingo ilimtoka. Ubeti wa tatu sauti ikachanika kama kitambaa kikavu, na wimbo akaumaliza kwa mnong'ono. Watu walipiga makofi ya huruma. Kisha Vidole akachukua kipaza sauti kama kawaida, akawaeleza watazamaji jinsi wivu unavyobomoa nyumba.

Mzee mmoja wa kike mstari wa mbele aliuliza, "Na huyu binti yangu aliyeimba, mbona hasemi kitu?"

"Amechoka kidogo," akajibu Vidole.

Daktari aliona koo limeumia. Wiki tatu bila kutamka neno, miezi miwili bila kuimba. Kurekodi kukaahirishwa. Fundi akachukua daftari la binti yake, akawa anaandika anachotaka kusema. Siku ya tatu alimpa mumewe jikoni ukurasa huu: "Nisamehe. Nimekuaibisha. Nilidhani wimbo naujua, sijui nilikosea wapi."

Vidole aliniambia baadaye kwamba heri angepigwa kofi. Aliketi kwenye kigoda, akamwambia yote: swali la yule mtu, kibanio, na furaha mbaya aliyoipata sauti ilipokatika. Mkewe alisikiliza hadi mwisho. Akashika kalamu, akaiweka chini bila kuandika.

Siku kumi na nane hakumwandikia hata neno. Kwa binti yake aliandika kuhusu masomo na chumvi iliyokwisha. Kwa mumewe, hakuna.

Vidole alikuja kwetu akakiri. "Sifai kuwafundisha watu," alisema.

"Gitaa utapiga," kiongozi akamjibu. "Kipaza sauti tutampa mwingine."

Nami nikakiri kwamba siku ile nilisikia wimbo umepandishwa, nikaendelea kupiga ngoma. Hakuna aliyenifariji, na ilikuwa haki yangu.

Sauti ya fundi ilirudi, ila sauti zile za juu kabisa hazikurudi tena. Mtayarishaji alimtaka hivyo hivyo. Siku ya kurekodi, Vidole alimsindikiza na gitaa mgongoni. Mlangoni mkewe alisimama.

"Nimekusamehe, baba. Nyumba yetu ni ile ile, sijahama. Lakini kuimba na wewe bado siwezi, nitakuwa naogopa kila ubeti. Ndani kuna mpiga gitaa mwingine."

Vidole aliketi kwenye benchi la nje. Mlango ule ni mnene, hautoi sauti. Alikaa pale saa tatu, na wimbo wa mkewe hakuusikia.

Funzo

Ndugu zangu, wivu haukuanza kwenye kibanio. Ulianza siku Vidole alipoona sifa za mkewe kama kitu alichoibiwa. Ukihisi hivyo, mwambie mwenzako mapema, hata kama ni aibu, kabla mikono haijafanya la kujutia. Ukisimama kuwaonya watu, jikague kwanza wewe. Na sisi tunaoona mabaya tukayaita mambo ya mke na mume, tukubali kwamba ngoma tuliipiga sisi. Msamaha fundi aliutoa kwa moyo mmoja. Imani itamchukua muda, na hakuna wa kumharakisha.